Kuvu Rafiki Ndani ya Mizizi: Somo kwa Wakulima wa Tetu

Mkulima anaposikia neno kuvu, hufikiria hasara: kutu ya majani ya kahawa, au mahindi yaliyooza ghalani. Lakini katika mashamba ya Tetu, kuanzia majani chai yaliyo karibu na msitu wa Aberdare hadi kahawa ya sehemu za chini, kuna kuvu nyingine inayoishi ndani ya mizizi na kuisaidia. Ushirikiano huo huitwa mikoraiza, jina lililotungwa mwaka 1885 na mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Albert Bernhard Frank, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya kuvu na mzizi.

Kwa nini mmea unahitaji msaada

Udongo mwekundu wa eneo hili ulitokana na miamba ya volkano. Una kina kirefu na hushika maji vizuri, lakini una madini mengi ya chuma na alumini ambayo hung'ang'ania fosforasi. Ndiyo sababu mkulima anaweza kutia mbolea msimu baada ya msimu na bado mmea ukakosa fosforasi ya kutosha.

Isitoshe, fosforasi husogea polepole sana udongoni. Mzizi humaliza ile iliyo karibu nao, milimita chache tu, kisha hubaki na njaa. Nyuzi za kuvu ni nyembamba kuliko hata vinyweleo vya mzizi. Hupenya penye nafasi ndogo na kufika sentimita kadhaa mbali na mzizi.

Jinsi kuvu inavyoingia

Mmea wenye upungufu wa fosforasi hutoa kupitia mizizi yake kemikali ziitwazo strigolaktoni. Huo ni mwaliko. Kuvu iliyo karibu huzipokea, hutoa matawi mengi na kuusogelea mzizi. Ikishaugusa, hujishikiza juu ya ngozi yake, na seli za mmea zenyewe huitengenezea njia ya kupita hadi tabaka za ndani.

Huko ndani, uzi wa kuvu hutoboa ukuta wa seli lakini hautoboi utando laini unaozunguka uhai wa seli. Utando huo hunyumbuka na kuifunika kuvu pande zote. Kuvu hugawanyika matawi, na matawi hayo hugawanyika tena, mpaka seli ijae kitu mfano wa mti mdogo. Tukiite kijimti.

Kijimti ndicho mahali pa kubadilishana. Kuvu hutoa fosforasi na madini mengine, nao mmea hutoa sukari na mafuta uliyotengeneza kwa nguvu za jua. Kuvu hii haiwezi kukamilisha maisha yake bila mmea ulio hai.

Kwa nini kijimti huvunjika

Kijimti hakidumu. Kwa kawaida huishi siku chache tu. Matawi membamba hunywea kwanza, kuvu hujitenga na sehemu hiyo kwa kujenga kuta ndogo, na seli ya mmea hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha mabaki. Seli yenyewe haifi. Hurudi katika hali yake, na baadaye inaweza kupokea kijimti kingine. Ni kama uwanja wa soko: vibanda husimamishwa, biashara ikaendelea, kisha vikabomolewa, na uwanja ukabaki tayari kwa siku nyingine.

Kuvunjika huku si ugonjwa. Wanasayansi walichunguza mmea mmoja wa jamii ya mikunde uliokosa uwezo wa kupokea fosforasi kutoka kwa kuvu. Waliona vijimti vikivunjika mapema kuliko kawaida. Inaonekana mmea hauendelei kumlisha mshirika asiyeleta kitu.

Mazao gani hushirikiana

Mahindi, maharagwe, viazi, vitunguu, ndizi, parachichi, kahawa, majani chai na nyasi za nepia hushirikiana na kuvu hii. Sukuma wiki na kabichi haziipokei. Shamba likipandwa mboga hizo mfululizo, kuvu hukosa mwenyeji na hupungua. Mkulima asichanganye kuvu hii na vinundu vya mizizi ya maharagwe: hivyo ni makao ya bakteria wanaoleta naitrojeni. Mikoraiza haionekani bila hadubini, wala haiozeshi mzizi.

Mambo ya kufanya shambani

1. Pima udongo kabla ya kununua mbolea. Fosforasi ikiwa nyingi, mmea hupunguza mwaliko wake na kuvu hubaki nje. Mkulima hulipia mbolea na papo hapo hupoteza msaada wa bure. Tena, DAP ikitumiwa kwa miaka mingi huongeza asidi udongoni.

2. Punguza kulima kwa kina na mara kwa mara. Jembe hukata mtandao wa nyuzi, nao huhitaji muda kujengwa upya.

3. Usiache shamba tupu kwa muda mrefu. Funika kwa matandazo, na baada ya kabichi panda maharagwe au mahindi.

4. Usimwage dawa za kuua kuvu kwenye udongo bila ushauri. Baadhi yake huua rafiki pamoja na adui.

5. Tumia samadi iliyoiva na mboji. Kuvu haitengenezi fosforasi, huisafirisha tu. Kile kinachoondoka na mavuno lazima kirudishwe, hivyo mkulima asiache mbolea ghafla kwa kutegemea kuvu peke yake.

Mkulima anayehitaji kupima udongo amwone afisa wa kilimo wa wadi yake. Maabara za KALRO zilizo Kabete pia hupima sampuli.

Maswali ya kujadili katika kikundi

• Kwa nini mbolea nyingi ya fosforasi inaweza kupunguza kuvu mizizini?
• Kijimti kinapovunjika, seli ya mmea hupata hasara au faida? Eleza.
• Katika shamba lako, ni sehemu gani imepandwa sukuma wiki au kabichi kwa misimu mingi mfululizo, na utapanda nini msimu ujao?