Usalama wa Tarakilishi: Kikulacho Ki Nguoni Mwako

Mnamo tarehe 4 Mei 2000, watumiaji wa tarakilishi katika nchi nyingi walipokea barua pepe yenye kichwa cha Kiingereza kilichomaanisha 'nakupenda'. Aghalabu ilitoka kwa mtu waliyemfahamu. Kiambatisho chake kilionekana kuwa matini ya kawaida, kumbe kilikuwa programu. Mfumo wa Windows ulificha herufi za mwisho za jina lake ambazo zingeifichua. Aliyekifungua aliharibiwa picha na faili nyinginezo, kisha kirusi kikajituma kwa wote waliokuwa katika orodha yake ya anwani.

Kisa hiki kinadhihirisha kwamba mhalifu huanza kwa kumhadaa msomaji, si mashine. Silaha yake ni maneno ya mapenzi, hofu au haraka. Hivyo basi, kinga ya kwanza ni usomaji makini. Kabla ya kufungua kiambatisho asichokitarajia, mtumiaji ampigie simu mtumaji kuthibitisha. Nywila yake asimpe yeyote, na programu zake azisasishe. Aidha, nakala ya tasnifu ihifadhiwe mahali pasipounganishwa na tarakilishi hiyo, kwani kirusi hakibagui kazi ya siku moja na ya miaka mitatu.