Mnalipia maji

Swali: Kiwanda chetu cha juisi kiko Luzira, Kampala. Magari ya kunyonya majitaka yanatumaliza kwa gharama. Je, kukamua tope kutatusaidia?

Jibu: Sana, ndugu yangu, maana mnalipia kusafirisha maji. Tani 10 za tope lenye yabisi asilimia 2 zina kilo 200 tu za yabisi. Likikamuliwa hadi asilimia 20, inabaki tani 1. Kabla ya kukodi mashine ya kukamulia, jaribuni polima (kemikali ya kugandisha tope) kwenye ndoo; isiyoendana na tope lenu ni hasara tupu. Mkiwa na nafasi, vitanda vya kukaushia kama vya kituo cha kusafisha majitaka cha Lubigi ni nafuu zaidi, ila viezekeni: mvua za Kampala hazina simile. Maji yaliyokamuliwa yasafishwe, yasimwagwe mtaroni. Na kwa kuwa dampo la Kiteezi, lililopokea taka za Kampala, liliporomoka Agosti 2024, mkandarasi anayewabebea tope aandike linaishia wapi.