Ukinzani wa Hewa: Somo Kutoka Uwanda wa Chumvi

Katika jimbo la Utah, Marekani, kuna uwanda wa chumvi uitwao Bonneville, mweupe na bapa kama meza. Mwezi Agosti, chumvi ikiwa kavu, mafundi wa gereji na wastaafu huleta hapo magari na pikipiki walizojiundia wenyewe, waone zitakimbia kiasi gani. Hakuna fedha ya kushindania. Anayeweka rekodi ya zaidi ya maili 200 kwa saa huvikwa kofia nyekundu, basi.

Adui yao mkubwa ni hewa. Kani ya ukinzani wa hewa ni:

F = ½ρCAv²

ρ ni densiti ya hewa, C ni kizigeu kinachotegemea umbo, A ni eneo la mbele la chombo, na v ni kasi. Angalia v: ina kipeo cha pili. Kasi ikiongezeka mara 2, ukinzani huongezeka mara 4. Watahiniwa wengi huandika mara 2, na alama zinapotea hapo.

Mfano. Gari lina A = 2.0 m² na C = 0.3, densiti ya hewa ni 1.2 kg/m³. Kwa kasi ya 30 m/s:
F = ½ × 1.2 × 0.3 × 2.0 × 30² = 324 N
Kwa 60 m/s, F = 1,296 N.

Sasa punguza A iwe 0.5 m², C ibaki ileile. Kwa 60 m/s ukinzani unarudi kuwa 324 N. Lakini usiseme kwamba injini ileile inatosha! Nguvu ni kani mara kasi: 324 × 30 = 9,720 W, na 324 × 60 = 19,440 W.

Bill Burke alipunguza A kwa njia ya kuchekesha. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliona matenki ya akiba ya mafuta yanayoning'inizwa chini ya ndege za kivita. Mwaka 1946 alichukua moja, akalifunga magurudumu na injini, naye akaketi ndani. Watu hucheka wakiona kichwa cha dereva kimechomoza juu ya tenki, lakini umbo lenyewe si mzaha: mbele ni mviringo, nyuma linachongoka, hivyo hewa hufungana taratibu bila kuacha nyuma eneo kubwa lenye kanieneo ndogo linalovuta chombo. Mtahiniwa, ukiulizwa umbo bora, usichore ncha ya mbele tu. Mkia ndio unaosahauliwa.

Naye Burt Munro wa New Zealand alikuwa na pikipiki aina ya Indian ya mwaka 1920, ambayo ilipotoka kiwandani ilifika kama maili 55 kwa saa. Mwaka 1967, akiwa na miaka 68, aliweka nayo rekodi ya maili 184 kwa saa pale Bonneville, ikiwa imefunikwa kwa gamba refu kama samaki. Kasi ilizidi mara 3 ya ile ya mwanzo. Nguvu ya kushinda hewa hufuata kasi kwa kipeo cha tatu, kwa hiyo bila kubadili umbo angehitaji zaidi ya mara 27. Gamba lilisaidia, injini nayo ililipa. Pistoni na vipuri vilivyovunjika alivipanga kwenye rafu, akaiandika kuwa ni sadaka kwa Mungu wa Mwendo Kasi.

Gamba lina hatari yake pia. Hewa ikisukuma ubavuni mbele ya kitovu cha uzito, chombo hugeuka na kuanguka. Ndiyo maana vingi huwekewa pezi nyuma, kama manyoya ya mshale.

Zoezi
1. Gari la kwanza la mfano linakwenda 90 m/s. Tafuta ukinzani na nguvu. (Jibu: 2,916 N, 262,440 W)
2. Bonneville iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Eleza kwa nini hali hiyo hupunguza ukinzani, na kwa nini injini isiyo na kifaa cha kuisindikia hewa hailifurahii jambo hilo.