Vijito vya Kompyuta Usangu

Swali: Nimechora vijito vya Usangu kwa data za mwinuko za SRTM. Nitajuaje kama ni vya kweli?

Jibu: Anza na shaka. Rada ilizikusanya Februari 2000, na kila pikseli ina upana wa takribani mita 30. Penye tambarare programu hukosa mteremko wa kufuata, ikachora mistari sambamba iliyonyooka kama rula; mto gani huenda hivyo? Milimani hukosea kidogo. Linganisha na ramani ya 1:50,000 na picha za setilaiti, kisha ukapime kwa GPS madarajani na kwenye makutano ya mito. Mifereji ya mpunga ni myembamba mno kuonekana katika data za SRTM, ilhali ndiyo inayohamisha maji. Na kizingiti cha kijito kuanza umekiweka wewe: ukikishusha, vijito vitaongezeka bila mvua.