Kero Ndogondogo za Kila Siku na Shinikizo la Juu la Damu: Somo kwa Mhudumu na kwa Mgonjwa

Katika kliniki ya shinikizo la juu la damu, mgonjwa ambaye vipimo vyake havishuki huulizwa swali tulilolizoea: "Je, kuna tatizo kubwa nyumbani?" Jibu huwa fupi. Hakuna msiba, hakuna talaka, hakuna aliyeachishwa kazi. Mhudumu huandika kwamba mgonjwa hana msongo wa mawazo, huongeza dozi, kisha humwita anayefuata.

Mama mmoja wa miaka 52, karani wa ofisi jijini Dar es Salaam, alinijibu hivyohivyo. (Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike.) Kipimo chake siku hiyo kilikuwa 168/98, na kadi yake ilionyesha miezi minane ya kupanda na kushuka kusikoeleweka. Nilimwomba anisimulie siku ya jana tu, tangu alipoamka. Alicheka kwanza, kisha akaanza. Maji ya bomba mtaani kwao hutoka usiku wa manane, wala hayana siku maalumu, hivyo hulala akisikiliza bomba. Umeme ulikwisha alfajiri akiwa anapiga pasi. Alinunua wa shilingi elfu tano kwa simu, akaingiza tarakimu zote 20, mita ikazikataa. Alizirudia mara tatu, kumbe 8 aliisoma 6 kwa kuwa miwani aliiacha chumbani. Daladala mbili zilipita zikiwa zimejaa. Ofisini mashine ya kuchapisha ilimeza karatasi. Mkuu wake wa kazi hutuma ujumbe katika kundi la simu hata saa nne usiku, na asiyejibu huulizwa asubuhi mbele ya wenzake. Tena jirani amefungua baa.

"Lakini hayo, daktari, ni mambo ya kawaida," alimalizia. "Nani hana?"

Nikamwuliza kuhusu dawa. "Nakunywa siku niliyoudhika. Nikitulia, presha nayo inatulia."

Katika maneno hayo machache yamo mambo mawili. La kwanza lina ukweli ambao sisi wahudumu tumeupuuza, yaani kwamba maudhi madogo huugusa mwili. La pili ni kosa linaloweza kumletea kiharusi. Yamefungamana kiasi kwamba mhudumu anayelipuuza la kwanza hasikilizwi anapolikemea la pili.

Mkazo wa mambo makubwa na wa mambo madogo

Kwa muda mrefu watafiti nao waliyatazama matukio makubwa tu. Mwaka 1967 Thomas Holmes na Richard Rahe wa Marekani walitoa orodha ya matukio 43 ya maisha, kila moja likiwa na alama zake: kufiwa na mwenzi wa ndoa alama 100, kufunga ndoa alama 50, na kadhalika. Waliamini kwamba kadiri alama zinavyoongezeka, ndivyo uwezekano wa kuugua unavyoongezeka.

Mwaka 1981 Allen Kanner, Richard Lazarus na wenzao waliuliza jambo jingine. Waliandaa orodha ya kero 117 za kila siku, mathalani kupoteza vitu, bei za bidhaa kupanda, na kuwa na kazi nyingi kuliko muda uliopo. Walifuatilia watu 100 wa umri wa kati huko California kwa miezi kadhaa. Ilionekana kwamba kero hizo zilibashiri dalili za kisaikolojia vizuri zaidi kuliko matukio makubwa. Wakosoaji hawakukawia kusema kwamba huenda mambo yamegeuzwa: mtu ambaye tayari ana wasiwasi au sonona huziona kero nyingi pale ambapo mwingine haoni kitu. Hoja hiyo ina uzito, nasi tutairudia, kwa sababu kwa mhudumu ni dalili muhimu zaidi kuliko inavyodhaniwa.

Mwilini kinachotokea kinajulikana vyema. Mtu anapotishwa au anapoudhiwa, ubongo huamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini, na baadaye kidogo kotisoli. Moyo hupiga haraka, mishipa ya damu katika sehemu nyingi za mwili hubana, sukari huongezeka katika damu, na shinikizo hupanda. Maandalizi hayo yanamfaa anayekimbizwa na mbwa. Mita ya umeme haikimbizi mtu, lakini mwili haukuumbiwa namna nyingine ya kuikabili. Jambo lenyewe likiisha, shinikizo hurudi lilikokuwa, na kwa mtu mwenye afya njema kupanda huko kwa dakika chache hakuna madhara ya kutajwa.

Madhara huanza pale mwili usipopewa nafasi ya kurudi. Wakati wa usingizi mzuri shinikizo la damu hushuka, kwa kawaida kwa asilimia 10 hadi 20. Anayelala akisikiliza bomba, anayeamka kila simu inapolia, na anayepanga usiku kucha maneno ambayo angemjibu mkuu wake mchana, hupunguza mapumziko hayo. Katika hali hii ya mwisho kero yenyewe ilikwisha saa kumi jioni, ila fikra zinaendelea kuirejesha, na mwili nao hufuata fikra.

Kitufe ambacho hakikubonyezwa

Katika majaribio yote niliyoyasoma kuhusu maudhi, lililonifunza zaidi ni lile lililoelezwa na David Glass na Jerome Singer katika kitabu chao cha mwaka 1972 kuhusu mkazo wa maisha ya mijini. Watu walipewa kazi za kufanya huku wakisikilizishwa kelele kali. Baadhi waliisikia kwa vipindi vinavyotabirika, wengine ikawajia ghafla bila mpangilio. Jambo la kushangaza ni kwamba muda wote wa kelele kazi zao hazikuharibika sana, binadamu huzoea. Gharama ilionekana baada ya kelele kukoma. Waliokuwa wamesikia kelele isiyotabirika walikata tamaa mapema walipopewa mafumbo yasiyo na jibu, na walifanya makosa zaidi walipopewa maandishi ya kusahihisha.

Kisha kikundi kimoja kilipewa kitufe. Waliambiwa kwamba wakibonyeza kelele itakoma, ingawa wangependelea wasikibonyeze. Karibu wote hawakukigusa. Walisikia kelele ileile, kwa muda uleule. Hata hivyo, baadaye walivumilia mafumbo kwa muda mrefu zaidi na walikosea machache kuliko wenzao wasio na kitufe. Kujua kwamba ungeweza kuizuia kulitosha kupunguza gharama yake.

Tukimrudia yule mama kwa jicho hilo, tunaona kwamba kero zake hazilingani. Daladala iliyojaa inaudhi, lakini anajua kwamba saa ile hujaa. Maji yasiyo na siku maalumu na ujumbe wa usiku unaoweza kuja au usije ni mizigo mizito zaidi, kwa sababu humfanya akae tayari wakati wote. Nilipomwuliza ni ipi kati ya zote angeondoa kama angeweza kuondoa moja tu, hakutaja baa. Alitaja simu.

Swali hilo namshauri kila mhudumu alijaribu: "Nisimulie siku ya jana," na baada ya hapo, "Ni jambo gani moja linakuchosha kuliko mengine, na je, lipo lolote unaloweza kulipanga wewe mwenyewe?" Huchukua dakika nne au tano. Najua foleni ya nje ilivyo ndefu, lakini miezi minane ya kubadilisha dozi bila mafanikio ni mirefu zaidi.

Na mgonjwa akisema kwamba mambo aliyokuwa akiyastahimili mwaka jana sasa yanamliza, usimwambie avumilie. Mwulize kama kwa wiki mbili au zaidi amekosa hamu ya mambo aliyoyapenda, kama usingizi na ulaji wake umebadilika, na kama amewahi kuona afadhali asiwepo. Huenda kero hazikuongezeka. Huenda ni sonona imempunguzia nguvu ya kuzibeba, nayo ina matibabu yake.

"Presha ya maudhi"

Sasa kosa. Watu wengi, wakiwamo wasomi, huamini kwamba presha huja na hasira na huondoka na utulivu, tena kwamba mwenyewe huisikia. Ni kweli kwamba shinikizo hupanda mtu anapoudhika. Lakini shinikizo la juu la damu kama ugonjwa, yaani vipimo vya 140/90 au zaidi vinavyojirudia kwa siku tofauti, kwa kawaida halina dalili yoyote. Hutokana na mchanganyiko wa urithi, umri, chumvi nyingi, unene, pombe, kutofanya mazoezi na mengineyo, na huendelea kuharibu ubongo, moyo na figo hata siku ambayo mgonjwa yuko harusini akicheka.

Amlodipini, ambayo hutumika sana katika kliniki zetu, huchukua takriban wiki moja ya kunywewa kila siku ili ifikie kiwango chake kamili mwilini. Kidonge kimoja cha siku ya hasira hakifiki huko. Anayekunywa siku mbili na kuacha nne hutoka kliniki akiamini dawa haimfai, na daktari naye huongeza nyingine juu yake.

Njia kubwa ambayo kero huifanyia kazi presha, kwa ninavyoona kliniki, ni ya kuzunguka. Aliyechelewa kwa sababu ya foleni hapiki. Hununua chipsi na kuzimwagia chumvi. Aliyelala saa tano chini ya kelele hafanyi mazoezi asubuhi. Mvutaji huongeza sigara. Na dawa yenyewe huweza kuwa kero. Wagonjwa kadhaa wamenikiri kwamba huacha kidonge kinachoongeza mkojo kila wanapokwenda kazini, kwa sababu daladala hukaa barabarani saa mbili na hakuna choo njiani. Jambo hilo hawakuwahi kuulizwa, nao waliona aibu kulisema. Suluhisho mara nyingi lipo, ama kubadilisha saa ya kunywa ama kubadilisha dawa, ila ni sharti mhudumu alijue. Mgonjwa unayesoma hapa, usijibadilishie mwenyewe. Sema tu, hakuna daktari mwenye akili atakayekucheka.

Nalo hili lisisubiri somo refu: maumivu ya kifua, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea ghafla, kushindwa kutamka maneno, au maumivu makali ya kichwa ya ghafla si hasira. Ni hospitali mara moja.

Kliniki nayo huudhi

Ni vigumu kuzungumzia kero za wagonjwa bila kutazama zile tunazowatengenezea sisi. Mgonjwa hufika saa kumi na mbili asubuhi, faili halionekani, huelekezwa dirisha namba 3 kisha dirisha namba 7, kisha huitwa ghafla na kukalishwa kwenye benchi lisilo na egemeo, akiwa amebana mkojo kwa hofu ya kupitwa na zamu. Hapo ndipo tunampima. Kibofu kilichojaa peke yake huweza kupandisha kipimo, na kuzungumza wakati wa kupimwa vilevile, na mkono unaoning'inia vilevile. Tunakiandika kipimo hicho kama ndicho chake cha kila siku na kumwandikia dawa kwacho.

Apumzike dakika tano ameketi. Awe amekwenda haja ndogo, na asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara ndani ya nusu saa. Mgongo uegemee, miguu ikanyage sakafu bila kupandanishwa, mkono uwe wazi na uwekwe juu ya meza usawa wa moyo. Asiongee, wala asiongeleshwe. Apimwe mara mbili. Na aambiwe ni watu wangapi walio mbele yake. Hilo halihitaji bajeti, na aliyeelewa jaribio la kitufe ataona kwa nini nalitaja.

Yule mama tulikubaliana mambo machache. Kidonge anakunywa kila asubuhi anapopiga mswaki, awe ameudhika au ametulia. Umeme hununua mwanzoni mwa mwezi, mchana, akiwa na miwani. Simu hulala sebuleni kuanzia saa tatu. Alimweleza mkuu wake kwamba ni agizo la daktari, nami nilimpa barua. Kuhusu maji alinunua pipa kubwa la kuhifadhia, ili usiku mmoja ukimpita asikose. Kuhusu baa hatukupata la kufanya. Nilimpima tena baada ya wiki sita, baada ya kupumzika dakika tano, mara mbili: 138/84, kisha 136/84. Alisema usiku bado huamka muziki unapozidi, ila sasa hulala tena. Kisha akauliza kama anaweza kupangiwa kliniki siku ya Jumatano badala ya Jumatatu, kwa kuwa Jumatatu daladala hujaa zaidi. Tulimbadilishia.