KUGAWA WAKATI KATIKA MTIHANI

Wahenga walisema: Haraka haraka haina baraka. Na hao hao walisema: Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwanafunzi aingiaye katika mtihani wenye saa husimama baina ya maneno haya mawili, na aghalabu huanguka si kwa ujinga, bali kwa kutojua lini aende na lini aache. Na aangukaye hapo huikosa nafasi ya chuo ilhali elimu anayo.

Mfano ulio wazi ni mtihani wa Marekani uitwao SAT, ambao vyuo vingi vya huko huutazama katika kuchagua wanafunzi. Ulifanywa mara ya kwanza mwaka 1926, nao ulikuwa na maswali 315 kwa muda wa kiasi cha saa moja na nusu. Tangu 2024 hufanywa huko kwa kompyuta, una maswali 98 kwa dakika 134. Sehemu ya kwanza ni ya kusoma na kuandika, na ya pili ni ya hesabu. Kila sehemu imekatwa mafungu mawili: fungu la kusoma na kuandika lina maswali 27 kwa dakika 32, na fungu la hesabu lina maswali 22 kwa dakika 35.

Hesabu ya wakati

Ukigawanywa wakati huo, kila swali la kusoma hupata sekunde 71, na la hesabu sekunde 95. Sasa na atazamwe mwanafunzi aliyekwama katika maswali mawili ya kusoma, akatumia dakika 4 kwa kila moja. Dakika 8 zimekwenda. Zimebaki 24 kwa maswali 25, wala dakika moja kamili haimo kwa kila swali. Na huenda katika hayo aliyoyakosea wakati yamo mepesi ambayo angaliyajibu mara moja. Tena ijulikane ya kwamba majibu ya fungu la kwanza ndiyo yaamuayo ugumu wa fungu la pili, na aliyepewa fungu la pili lililo jepesi hawezi kufikia alama za juu kabisa.

Kanuni tatu

Ya kwanza: swali likikaidi, mwanafunzi alitie alama, apite, kisha alirudie. Mradi muda wa fungu haujaisha, ruhusa ya kurudi ipo. Fungu likifungwa, halifunguliwi tena.

Ya pili: asiache swali tupu. Tangu 2016 jibu la makosa halipunguzi alama. Penye majibu manne ya kuchagua, akiyaondoa mawili aliyo na yakini kuwa si sahihi, kubahatisha kwake kumekuwa nusu kwa nusu.

Ya tatu: aitazame saa kwa vituo, si kila dakika. Katika fungu la kusoma, swali la 9 lisipite dakika ya 11, wala la 18 lisipite dakika ya 22.

Namna ya kujizoeza

Kufanya mazoezi mengi bila ya kuyarudia ni kuteka maji kwa pakacha. Yapasa kwanza kujizoeza bila ya saa, hata njia ya kujibu ieleweke. Kisha fungu moja kwa saa. Kisha mtihani mzima kwa kikao kimoja. Programu ya Bluebook ina mitihani kamili ya kujaribia, na Khan Academy hutoa masomo yake tangu 2015. Yote ni bure.

Baada ya kila jaribio, makosa yaandikwe katika safu tatu: yale asiyoyajua, yale aliyoyasoma vibaya, na yale aliyoyakosea wakati. Dawa zake ni mbalimbali. La kwanza dawa yake ni kurudi kitabuni; la pili ni kulisoma swali mara ya pili kabla ya kujibu; la tatu ni kujifunza kuacha mapema. Adhaniye yote ni upungufu wa elimu hukesha na vitabu, na saa ikamshinda tena vile vile.

Basi haraka si dawa, wala kungoja si dawa. Ajuaye kuliacha swali moja kwa ajili ya kumi ndiye aliyeyaelewa maneno ya wahenga yote mawili.