Taarifa Zinazosafiri Ndani ya Matangazo ya Televisheni: Maswali Mnayotuuliza

King'amuzi kinajuaje jina la kipindi na saa kitakapoanza?
Kituo hutuma taarifa hizo kwa mawimbi yaleyale yanayoleta picha na sauti. Matangazo ya dijitali hugawanywa katika vifurushi vya baiti 188, yaani vipande vidogo mno vya data, na kila kimoja kina namba inayoonyesha kama ni cha picha, sauti, maandishi ya tafsiri au ratiba. King'amuzi husoma namba hizo na kukusanya vinavyohusiana.

Je, enzi za analojia jambo hili liliwezekana?
Ndiyo. Picha ya analojia tuliyoizoea ilikuwa na mistari 625, na karibu 50 kati yake haikuonekana kwenye kioo. Huko Uingereza, BBC ilirusha kurasa za habari na hali ya hewa kwenye baadhi ya mistari hiyo, katika huduma ya Ceefax iliyodumu kuanzia 1974 hadi 2012.

Tunasikia king'amuzi kinapeleleza nyumba. Ni kweli?
Hofu hiyo inaeleweka, maana ukibonyeza rimoti kioo kinakujibu. Lakini antena ya kawaida hupokea tu, haitumi; ratiba unayoifungua imekwisha kukufikia kupitia mawimbi.

Basi tahadhari ianzie wapi?
Ianzie pale televisheni au king'amuzi kinapounganishwa na intaneti, kwa kuwa hapo taarifa zinaweza kutoka nyumbani kwako: ulichotazama, muda uliotazama, kura uliyopiga. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, na ya Kenya ya 2019, zinakupa haki ya kuelezwa zinakusanywa kwa sababu gani, kuziona, na kudai zirekebishwe zikiwa na makosa. Usikubali masharti kabla hujayasoma. Ingia kwenye mipangilio uzime usichokihitaji.

Kioo kimeandika "usizime". Nifanyeje?
Acha umeme ukiwaka hadi kazi iishe. King'amuzi kinapokea programu mpya, na kukikatisha katikati kunaweza kukiharibu.

Nikishiriki shindano la kwenye televisheni, nitoe namba ya siri ya pesa za simu?
Hapana, hata ukiambiwa umeshinda. Soma kwanza gharama ya ujumbe, kisha uamue. Ukidaiwa namba ya siri usijibu. Kwa walio Tanzania, tumeni ujumbe huo wa kitapeli kwenda 15040.